Anayemchorea Abiria Ramani

Kutoka kituo cha Leicester Square hadi kituo cha Covent Garden, katikati ya London, treni ya chini ya ardhi inakwenda mita 260 hivi. Ukitembea juu barabarani, hata dakika tano hazitimii. Lakini wapo wageni wanaoteremka chini, wanalipa nauli, wanasubiri treni, wanapanda, na kabla hawajashika chuma vizuri wanatakiwa kushuka na kupanga foleni ya lifti ili warudi juu. Hakuna aliyewadanganya. Waliitazama ramani ukutani, na ramani ikawaonyesha vituo viwili vilivyoachana kama vinavyoachana vituo vingine vya katikati ya jiji. Wakaiamini. Mwaka 2015 shirika la usafiri la London lilichapisha ramani rasmi inayotaja dakika za kutembea kwa miguu kati ya kituo na kituo, ili watu waone ni wapi hawana haja ya treni.

Naanza na mita hizo 260 kwa sababu zinaonyesha nguvu ya kitu ambacho wengi hukichukulia kuwa pambo la ukutani. Ramani ya mabasi au ya treni haisomwi kama kitabu. Anaisoma mtu aliyesimama, mwenye mzigo begani, mwenye haraka, pengine mwenye hofu ya kupotea. Anataka kujua yuko wapi, apande ipi, abadilishe wapi, ashukie wapi. Mchoraji anayajibu maswali hayo kabla hajamwona anayeuliza, kwa hiyo analazimika kumkisia. Na ukizichunguza ramani za usafiri zilizopata sifa duniani, pamoja na zile zilizozomewa, utaona kwamba zinatofautiana zaidi kwa yule abiria ambaye mchoraji alikuwa naye kichwani kuliko kwa rangi au unene wa mistari.

Reli ya kwanza ya abiria ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa London mwaka 1863, kati ya Paddington na Farringdon. Zilizofuata zilijengwa na kampuni mbalimbali zenye kushindana, na ilifika mwaka 1908 ndipo zikakubaliana kutoa ramani moja ya pamoja. Kwa miaka ishirini na zaidi ramani hizo zilifuata jiografia: reli iliwekwa pale ilipo ardhini, ikipinda inapopinda. Tatizo ni kwamba katikati ya London vituo vimebanana, na pembezoni vimeachana mno. Ukichora kwa skeli moja, katikati panakuwa fundo lisilosomeka, na vituo vya mbali vinatoka nje ya karatasi. Ramani za mfukoni za F. H. Stingemore, zilizoanza kutolewa mwaka 1925, zilijitahidi kulilegeza fundo hilo, lakini halikufunguka.

Aliyelifungua, Harry Beck, hakuwa mchora ramani. Alikuwa mchoraji wa michoro ya kihandisi katika ofisi ya ishara za reli, na mwaka 1931, alipoanza kuchora rasimu yake kwenye daftari, alikuwa amepunguzwa kazini. Hakutumwa na mtu. Wazo lake lilikuwa hili: abiria aliye chini ya ardhi haoni mtaa, haoni mto, haoni kona. Anachohitaji ni mpangilio wa vituo na mahali pa kubadilisha treni. Basi Beck akainyoosha kila njia. Mistari yote ikawa ya wima, ya mlalo, au ya mshazari wa nyuzi 45. Katikati ya jiji akapapanua, pembezoni akapakunja, vituo akaviachanisha kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Juu ya ardhi alibakiza kitu kimoja tu, mto Thames, nao akaunyoosha kwa pembe zilezile.

Idara ya matangazo iliikataa rasimu hiyo kwa kuiona imevuka mipaka. Aliipeleka tena mwaka uliofuata, ikakubaliwa kwa majaribio, na Januari 1933 zikachapishwa nakala 750,000 za mfukoni, zikiwa na maneno ya kuwaomba abiria watoe maoni yao. Ziliisha upesi, ikabidi zichapishwe nyingine. Beck alilipwa gini chache. Akaendelea kuirekebisha kwa zaidi ya miaka 25, kila njia ilipoongezwa, hadi mwaka 1960 ilipotolewa ramani mpya yenye jina la mtu mwingine, Harold Hutchison, ofisa wa matangazo wa shirika. Beck aliipigania kazi yake kwa miaka, akafariki 1974 bila kurudishiwa. Tangu 1997 ndipo kila ramani inayochapishwa ikaanza kubeba mstari mdogo chini unaomtaja kuwa mwasisi. Deni hilo lilichelewa mno kulipwa. Mtu aliyewapa mamilioni ya watu njia ya kulielewa jiji lao alistahili heshima hiyo akiwa hai, na si kwa maandishi madogo.

Ndani ya mchoro wa Beck kulikuwa na jambo jingine zaidi ya urahisi wa kusoma. Wakati huo njia zilikuwa zikirefushwa kwenda vitongojini. Ile ya Piccadilly ilifika Cockfosters, kaskazini kabisa, mwaka huohuo wa 1933. Kwa skeli ya kawaida Cockfosters ni mbali kiasi kwamba kuiingiza kwenye karatasi ya mfukoni ni taabu. Kwa Beck ilikuwa vituo kadhaa tu kutoka katikati, vilivyopangana vizuri. Mchoro uliokusudiwa kumzuia abiria asipotee ukawa unamwambia pia kwamba kuhamia pembezoni si kuhama mjini. Kwa kampuni inayotafuta abiria, hilo lilikuwa tangazo bora kuliko bango lolote.

Nguvu hiyo imepimwa. Mwaka 2011 Zhan Guo, mtafiti wa Chuo Kikuu cha New York, alichapisha utafiti kuhusu safari za abiria wa London. Aliona kwamba wanapochagua njia, urefu wa mstari kwenye ramani una uzito karibu mara mbili ya muda halisi wa safari. Yaani mtu anaweza kupanda treni ya kuzunguka kwa sababu kwenye karatasi inaonekana fupi. Wapangaji wa miji wanapaswa kulitafakari hilo kwa makini, kwa maana linamaanisha kwamba kusogeza mstari kwenye karatasi kunaweza kuhamisha watu kutoka kituo kilichofurika kwenda kingine, bila kujenga hata ngazi moja. Na kama unaweza kuwahamisha watu kwa wino, basi anayeshika kalamu anafanya kazi ya utawala, apende asipende.

Septemba 2009 shirika la usafiri la London liliufuta mto Thames kwenye ramani ili kupunguza vitu vilivyojazana. Watu walikasirika. Meya wa wakati huo, Boris Johnson, akaagiza mto urudishwe, ukarudi. Hakuna treni ya chini ya ardhi inayosimama mtoni. Lakini ule mstari wa buluu ndio ulikuwa unamwambia msomaji kama yuko kaskazini au kusini ya mto, na kwa mkazi wa London hilo ni sehemu ya kujitambua. Kumbe hata yule abiria wa Beck, asiyehitaji kujua kilicho juu yake, alihitaji kujua kitu kimoja.

New York walilijua hilo mapema, tena kwa ugomvi. Mwaka 1972 jiji lilitoa ramani mpya ya treni zake iliyobuniwa na Massimo Vignelli, Mwitaliano aliyehamia Marekani. Ilifuata nyuzi 45 na 90 kama ya London, lakini ilikuwa kali zaidi. Kila huduma ya treni ilipewa mstari wake na rangi yake; treni nne zikipita kwenye handaki moja, mistari minne ilikwenda sambamba. Treni ikisimama kituoni, pana nukta. Pasipo na nukta, treni haisimami. Ni mchoro mzuri mno, na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya jiji hilo inao kwenye hifadhi yake. Ukiutazama kwa muda unaona jinsi ulivyofikiriwa, jinsi hakuna mstari uliowekwa kwa uvivu.

Lakini abiria hawakuukubali. Central Park, bustani yenye urefu wa kilomita 4 na upana usiofika kilomita moja, ilichorwa kama mraba, tena wa kijivu. Maji yanayokizunguka kisiwa cha Manhattan yalikuwa ya rangi ya mchanga. Kituo cha 50th Street cha njia ya Broadway kiliwekwa magharibi ya kile cha Eighth Avenue, ilhali kiko mashariki yake. London mambo kama hayo hupita. Mitaa yake imesokotana, watu wachache wana picha kamili ya jiji kichwani, hivyo mchoro ukiupinda mtaa hakuna anayestuka. Manhattan haiko hivyo. Sehemu kubwa ya mitaa yake imenyooka na kupangwa kwa namba. Hata mtoto wa shule anajua mtaa wa 50 uko upande gani wa mtaa wa 59. Mtu akitoka kituoni anaendelea na safari kwa miguu kwa kutumia hesabu hiyo. Ramani ikiivuruga hesabu, mtu anatokea upande usio wake, na anajua ni nani wa kumlaumu.

Vignelli alijitetea kwamba mchoro wake haukukusudiwa kukaa peke yake. Vituoni zilipaswa kubandikwa pia ramani za kijiografia na za mtaa unaokizunguka kituo. Naona alikuwa na haki kabisa. Ila abiria alikuta ukutani mchoro mmoja, na kwa huo ndio alihukumu. Aprili 1978 ukafanyika mdahalo wa hadhara katika ukumbi wa Cooper Union, Vignelli upande mmoja na John Tauranac, aliyekuwa akiongoza kamati ya ramani mpya, upande wa pili. Nimeufikiria mdahalo huo mara nyingi. Watu wa jiji walitoka makwao jioni kwenda kubishana kuhusu rangi ya maji na umbo la bustani, kwa sababu walielewa kwamba ukutani pale ndipo jiji linapojieleza kwa wakazi wake.

Mwaka uliofuata, 1979, ikaja ramani iliyotengenezwa na kampuni ya Michael Hertz. Bustani zikawa za kijani, maji ya buluu, mitaa mikubwa ikaonekana, njia zikapinda tena. Mchoraji aliyeshughulikia mipindo hiyo, Nobuyuki Siraisi, inaelezwa kwamba alisafiri kwenye treni akiwa amefumba macho ili aihisi kona mwilini kabla ya kuichora. Ramani hiyo na matoleo yake ilikaa ukutani kwa zaidi ya miaka 45. Kisha Aprili 2025 mamlaka ya usafiri ya New York ikatangaza mchoro mpya, nao ni wa mistari minyofu, wenye ukoo ulio wazi na ule wa Vignelli.

Je, watu walikuwa wamekosea mwaka 1979? Sidhani. Aliyebadilika ni abiria. Yule wa 1979 alitoka kituoni mikono mitupu, akihitaji karatasi moja imwongoze chini na juu. Wa leo ana simu mfukoni yenye ramani ya kila mtaa, na ukuta umebakiwa na kazi ileile Vignelli aliyoukusudia: kumweleza treni ipi inakwenda wapi. Ramani ya mtaa aliyoitaka imepatikana hatimaye, ila imekuja kwa njia ambayo mwaka 1972 hakuna aliyeiota. Vignelli alifariki 2014, hakuiona siku hiyo.

Wako pia wanaohoji zile nyuzi 45 zenyewe. Maxwell Roberts, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Essex, amechora ramani za miji mbalimbali kwa mistari ya kupinda, na alipoijaribu ya Paris dhidi ya ile rasmi, watu walipanga safari kwa haraka zaidi kwa kutumia ya mistari ya kupinda. Linalonishughulisha katika matokeo yake ni kwamba uchaguzi wa macho na kasi ya akili havikwenda pamoja: mtu anaweza kuipenda ramani inayompotezea muda. Kwa hiyo kuwauliza watu ni ipi wanaiona nzuri hakutoshi. Wapewe safari ya kupanga, kisha watazamwe.

Hata hivyo ramani ninayoiheshimu kuliko zote haiko London wala New York. Iko Mexico. Jiji la Mexico lilipofungua metro yake Septemba 1969, watu wengi waliotarajiwa kuipanda hawakujua kusoma. Lance Wyman, Mmarekani aliyekuwa ametoka kubuni alama za Michezo ya Olimpiki ya 1968 katika jiji hilohilo, alifanya kazi na wenzake kukipa kila kituo picha yake. Chapultepec ikapewa panzi, kwa kuwa kwa lugha ya Kinahuatl jina hilo ni la kilima cha panzi. Candelaria ikapewa bata. Pino Suárez ikapewa umbo la hekalu dogo la Waazteki ambalo mafundi walilifukua wakati wakikichimba kituo hichohicho. Asiyejua herufi anaweza kuelekezwa kwa picha, akahesabu picha hadi kwake. Zaidi ya nusu karne baadaye mtindo huo unaendelea, vituo vipya vinachorewa picha zao, na profesa, mtalii na bibi aliyetoka shamba wanasoma ramani moja bila mmoja wao kujiona mjinga. Wyman alianza na abiria ambaye wengine wangemweka mwisho, na wote waliofuata wakafaidika.

Tokyo walifanya jambo linalokaribiana na hilo mwaka 2004, walipokipa kila kituo herufi ya njia na namba. Ginza ikawa G09 kwa mgeni asiyeweza kusoma Kijapani. London hutoa toleo la nyeusi na nyeupe kwa wasiotofautisha rangi, ambao kwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni takriban mmoja kati ya 12. Ramani inayotegemea rangi peke yake inawafungia mlango watu hao wote, nao hawatakuja kulalamika, kwa sababu mara nyingi hawajui wenzao wanaona nini.

Sisi huku Afrika Mashariki hatukukosa mfumo wa kuelekezana; tulikosa karatasi. Nairobi mtu anayekwenda Ngong anapanda 111. Kawangware ni 46, Buruburu ni 58, Thika ni 237. Nyingi ya namba hizo zilianzia enzi za mabasi ya Kenya Bus Service, kampuni iliyoanza mwaka 1934, na matatu zikazirithi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, zikaongezeka kwa kasi. Mwaka 2004 kanuni za waziri John Michuki zikalazimisha kila gari liwe na ufito wa njano unaotaja njia yake. Kwa hiyo habari zilikuwepo: kwenye ubavu wa gari, kinywani mwa makanga, kichwani mwa abiria. Hazikuwepo mahali ambapo mtu angeziona zote kwa pamoja.

Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kushirikiana na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani na kampuni ya Groupshot, kilianza mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu njia kwa njia, mkononi simu inayorekodi mahali walipo, wakaandika kila gari liliposimama, pamoja na mahali pasipo na kibao wala kibanda. Ugumu haukuwa wa kupanda gari tu. Muundo wa kimataifa wa kuhifadhi taarifa za usafiri, ule unaozilisha programu za simu, ulibuniwa kwa mabasi yenye ratiba na vituo vya kudumu. Matatu huondoka ikijaa. Foleni ikikaza, dereva anakata kona anatafuta njia ya panya. Ikabidi muundo ndio ulegezwe ili matatu ziingie, na nalihesabu hilo kuwa mafanikio makubwa, kwa kuwa kwa kawaida sisi ndio hutakiwa kujikunja ili tuingie kwenye vipimo vya wengine.

Januari 2014 ramani ikatolewa bure kwa yeyote, ikiwa na njia zaidi ya 130, na mwaka 2015 taarifa zake zikaingia kwenye Google Maps. Ukiitazama, kitu kimoja kinakujia kabla hujasoma jina lolote. Karibu mistari yote inaingia katikati ya mji, kama spoku za baiskeli zinavyoingia kwenye kikombe chake. Mtu wa mtaa wa mashariki anayekwenda mtaa wa kaskazini mara nyingi lazima aingie katikati ya mji kwanza, abanane na umati wa kule, kisha atoke upya kwa nauli ya pili. Kila mkazi wa Nairobi alilijua hilo kwa safari yake mwenyewe. Lilipochorwa kwa safari za watu wote likaacha kuwa balaa la mtu mmoja mmoja. Sasa unaweza kuweka kidole mahali fulani kwenye karatasi na kuuliza kwa nini pale hapana mstari, na mpangaji wa jiji akatakiwa kujibu. Mwenye gari naye anaweza kuuona upungufu huo akaona biashara.

Zanzibar wana mfumo ambao ningependa usifiwe zaidi ya unavyosifiwa. Daladala za Unguja zinakwenda kwa namba, na namba yenyewe inaeleza upande. Zinazoanza na 1 huelekea kaskazini, kama 116 ya Nungwi. Zinazoanza na 3 ni za kusini na mashariki, kama 309 ya Jambiani. Zinazoanza na 5 ni za mjini na viunga vyake, 502 ya Bububu na 505 ya Uwanja wa Ndege. Aliyezipanga alichora ramani bila kuchora mstari hata mmoja, na mgeni akielezwa hayo mara moja, anaweza kusimama kituoni akajua gari lipi linamwendea kinyume.

Dar es Salaam, jiji langu, lilihesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022. Daladala zetu huandikwa mbele zinakotoka na zinakokwenda, na ufito wa rangi ubavuni unakusaidia kulitambua gari lako likiwa bado mbali. Konda anamalizia kwa mdomo. Mwezi Mei 2016 yalipoanza mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco, jiji lilipata kwa mara ya kwanza kitu ambacho Beck angekikaribisha: barabara ya peke yake, kilomita 21 hivi, vituo 27 visivyohamahama. Mchoro wa njia hizo za mwanzo ni mwepesi, mstari mmoja wenye matawi mawili. Wepesi huo ndio unaonipa wasiwasi. Safari nyingi za Dar hazianzii wala haziishii kwenye kituo cha mwendokasi. Mtu anashuka Ubungo au Magomeni, kisha anaunganisha daladala, au bajaji, au bodaboda. Ramani inayokoma kwenye uzio wa kituo imemfikiria abiria anayeishi ng'ambo ya barabara.

Abiria ambaye mimi ningetaka afikiriwe kwanza ni mama aliyetoka Mbeya na mgonjwa wake, akateremka alfajiri kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, na anatakiwa afike Muhimbili asubuhi hiyohiyo. Hajawahi kufika Dar. Ana karatasi ya rufaa na pesa iliyofungwa kwenye kitambaa. Kuuliza si ujinga, na watu wetu huelekeza kwa moyo mweupe; lakini wa kwanza kumkaribia ni mwenye chombo anayetafuta abiria, na jibu lake lina bei. Ukuta wa kituo ungeweza kumjibu bila bei. Umwonyeshe ashike gari gani hadi wapi, abadilishe mara ngapi, nauli inayotambulika ni kiasi gani. Alama ya hospitali iwe kubwa kuliko alama ya hoteli.

Na kama hasomi vizuri, majina yetu yanaomba kuchorwa. Mwembechai, Mkwajuni, Mapipa, Baruti, Bucha: vituo hivi vya mwendokasi vimebeba picha ndani yake, na Mexico imekwisha kuonyesha namna ya kufanya. Kazi ya kukusanya njia za daladala inaweza kufanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa vyuo vingine vya jijini, wakikaa na makonda na madereva, ambao ndio wenye elimu hiyo. Njia hubadilika, kwa hiyo karatasi ibandikwe upya kila mwaka, na yule aliyeichora atajwe jina lake siku ya kwanza.

Kitu kimoja cha juu ya ardhi kisikosekane. Barabara ya mwendokasi inapita Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, na zimekuwepo masika ambazo mto ulifurika, barabara ikafungwa, mabasi yakasimama. Abiria wa Kimara anayewahi mjini anaathiriwa na mto huo kuliko anavyoathiriwa na kituo chochote. Msimbazi uchorwe kwa mstari mnene, na pembeni yake yaandikwe magari ya kupanda na mahali pa kubadilisha siku ambayo Jangwani haipitiki.